Maswali na Majibu: Matibabu na Matumizi ya Nyumba, Hapa na Ng'ambo

Mume wangu yuko Dubai, mshahara dirhamu 4,500. Atuchukue mimi na watoto wawili, au tubaki? (Mama, Likoni)

Kibali atapata: kinachotakiwa ni dirhamu 4,000, au 3,000 na nyumba ya mwajiri. Ugumu ni baada ya hapo. Bima ya afya Dubai ni lazima, lakini mwajiri analazimika kumkatia mfanyakazi wake tu. Ninyi watatu mtakatiwa na mumeo, kila mwaka. Bima za bei ya chini humwachia mgonjwa sehemu ya gharama kila anapotibiwa, basi aulize ni asilimia ngapi kabla ya kutia saini. Watoto wa wageni karibu wote husoma shule za kulipia, na kodi ya nyumba kwa kawaida hulipwa kwa hundi chache za mwaka, si mwezi kwa mwezi kama Likoni. Watu wanne kwa dirhamu 4,500? Hazitoshi. Bakini, yeye atume, na SHA yenu, bima ya afya ya serikali ya Kenya, isikatike.

Hiyo SHA, kwa sisi tusio na mwajiri, ni kiasi gani? (Mchuuzi, Kongowea)

Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Wewe hupimwa kwa maswali ya hali ya nyumba yako, kisha hulipa mwaka mzima kwa mkupuo, kuanzia shilingi 3,600. Wengi huponzwa hapa: wamejisajili kwa *147#, hawajalipa, na wakilazwa bima haifanyi kazi. Mkeo na watoto waandikishe chini yako. Ada ni moja kwa nyumba nzima. Zahanati na kituo cha afya cha serikali hutaka usajili tu.

Naambiwa Uingereza hospitali ni bure. Kweli? (Kijana, Changamwe)

Bure uliyoilipia kabla. Anayeomba viza ya zaidi ya miezi sita hutozwa ada ya afya: pauni 1,035 kwa mwaka mtu mzima, 776 mtoto, zote kwa pamoja siku ya kuomba. Mume, mke na watoto wawili kwa miaka mitatu ni pauni 10,866, bado viza na tikiti. Wenye viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa. Ukishafika, daktari humlipi, ila meno na miwani utatoa mfukoni.

Baba anahitaji upasuaji wa moyo. India ni nafuu? (Kisauni)

Bei ya upasuaji peke yake hudanganya. Taka makadirio kwa maandishi, uulize kama siku za chumba cha mahututi, damu na dawa zimo. Ongeza tikiti za watu wawili, chumba na chakula, maana akitoka wodini daktari hamruhusu kupanda ndege siku hiyohiyo. Viza ya matibabu ya mtandaoni ni ya siku 60. Wasindikizaji ni wawili, kila mmoja na yake.

Safari nyingi huharibikia kwenye chanjo ya homa ya manjano. Ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika India, la sivyo mtu huwekwa karantini hadi siku sita. Baba akiwa amepita miaka 60, daktari wake amwone kwanza, kwani hatari ya chanjo hiyo huzidi kwa wazee. Kama aliwahi kuchanjwa, tafuteni ile kadi ya manjano kabatini: siku hizi haiishi muda.