Je, tulipe mtu atuandikie bajeti ya barabara?

SWALI: Mzee, mimi ni diwani wa gombolola (ngazi ya utawala chini ya wilaya) moja upande wa Bwera, wilaya ya Kasese, Uganda. Barabara yetu ya kilomita 9, kutoka sokoni hadi kituo cha afya, imekatwa na mvua mara mbili. Kuna mtaalamu wa mjini anataka shilingi milioni 2 atuandikie pendekezo la bajeti la bilioni 4, lami na yote, alipeleke Kampala. Anasema ukiomba kingi utapewa angalau nusu. Tumlipe?

JIBU: Mheshimiwa diwani, msimlipe.

Hiyo ya "omba kingi upewe nusu" naisikia kila msimu wa bajeti, na kila msimu inakula pesa za watu. Wilaya haipati pesa kwa kuomba. Wizara ya Fedha hutangulia kuleta ukomo wa matumizi: hizi za mishahara, hizi za afya, hizi za barabara. Karibu zote zina masharti, na za shule hazihamii barabarani hata baraza zima likinyoosha mikono. Mapato ya ndani, ambayo mngeyapanga mpendavyo, yalinyong'onyea tangu kodi ya kichwa ilipoondolewa 2005. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 serikali imekuwa ikitenga bilioni 1 kwa wilaya nzima kutengeneza barabara. Huyo bwana bilioni 4 za kilomita 9 ataziingiza fungu gani? Karatasi yenu itagongwa muhuri wa "imepokelewa", basi.

Kama angekuwa mtaalamu kweli, angeanza kwa kuuliza barabara ni ya nani. Za taifa ziko Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi tangu UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ivunjwe mwishoni mwa 2024. Kuna za wilaya, kuna za mji, na kuna za jamii, ambazo ni mzigo wa gombolola. Ikiwa yenu ni ya jamii, mnapeleka Kampala jambo lililo mezani penu. Mhandisi wa wilaya atakwambia bila kukutoza.

Halafu hiyo lami. Kilichokata barabara ni maji, na lami isiyo na mitaro hukatwa vilevile, kwa gharama kubwa zaidi. Pendekezo linalosomeka ni la kurasa mbili: mitaro kilomita ngapi, kalvati (za kupitisha maji chini ya barabara) ngapi na za upana gani, moramu (udongo wa changarawe) penye utelezi tu, dizeli ya greda, posho ya dereva wake, vibarua wa kufyeka na kuzibua mwaka mzima. Na liseme barabara ipi itasubiri ili yenu itengenezwe. Hapo ndipo wengi hukimbia. Mapendekezo ya mawakala kama huyo bwana huwa na mstari mmoja, "kufungua barabara", na tarakimu nene mbele yake. Greda hupita Machi, Aprili mvua hushuka kutoka Rwenzori, mnabaki na mto wenye jina la barabara.

Angalieni na kalenda. Pesa hutolewa kwa robo mwaka. Robo ya mwisho huanza Aprili, mvua ikiwa imeshika, na kisichotumika kufikia 30 Juni hurudi Hazina. Ndiyo maana mnaona moramu ikimwagwa matopeni haraka haraka. Kazi ya kalvati ipangieni Julai au Januari, kukiwa kukavu.

Mawakala hawa sasa wamegundua na PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia (kitengo cha utawala chini ya gombolola). Wanawaambia viongozi "wakope" kidogo kwenye ile milioni 100 ya parokia wanunue kalvati. Zile ni za mikopo ya kaya, milioni 1 kila moja. Ukizigusa kwa barabara, utaitwa kujieleza wewe, wakala hayupo. Wengine wana "mtu wao Bungeni" wa kuchomeka barabara yenu. Ibara ya 93 ya Katiba hairuhusu mbunge kuleta hoja ya kuiongezea Hazina mzigo isipokuwa kwa niaba ya serikali.

Tena mawakala hawa hujaa Mei, redio zinapoanza kutaja bajeti, wakati mambo yameshakwisha. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 inataka Bunge liwe limeipitisha kufikia 31 Mei, na waraka wa mfumo wa bajeti hufika Bungeni kabla ya Desemba kwisha. Mkutano wa bajeti wa wilaya kwa kawaida ni Oktoba au Novemba. Nendeni huko na kurasa zenu mbili, na kalvati yenu iliyobomoka mmeipiga picha.