Partagás Serie D No. 4 ya mwaka 2014: uivute vipi, na unywe nini

Ndugu uliyeuliza jinsi ya kuvuta hii Partagás, siga ya Kuba uliyozawadiwa: ni nzuri sana, basi usiiharakishe. Kama imesafirishwa kwa ndege, ilaze kwanza wiki mbili kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na pakiti inayotunza unyevu wa hewa kwenye asilimia 65. Joto likizidi nyuzi 24, mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa na kutoboa jani, kwa hiyo iweke mbali na jua na jiko.

Kata kofia tu, yaani kijani kidogo kinachofunika ncha ya kuvutia, milimita 2 hivi. Ukikata chini ya mstari wa kofia, jani la nje litafumuka. Washa kwa kiberiti cha mbao au gesi. Petroli huacha harufu. Usiunguze mguu wa siga, yaani ncha ya kuwashia, ndani ya moto. Uzungushe juu kidogo ya ncha ya mwali hadi ukolee sawasawa.

Hapa ndipo wengi huharibu: vuta mara moja tu kwa dakika, basi. Ukivuta haraka moto unapanda, lami inakuwa chungu, na ule ulaini ulioletwa na miaka ya kupungua kwa amonia, gesi kali ya tumbaku, unapotea. Moshi uishie mdomoni, usimeze.

Kinywaji kisiifunike. Ramu ya Kuba ya miaka 7 bila barafu, mililita 40, inatosha kabisa. Wiski yenye ladha ya moshi wa mboji (peat) iache. Kama hunywi pombe, kahawa ya arabika ya Kilimanjaro bila sukari inaenda nayo vizuri mno, hasa kwenye theluthi ya pili ya siga, ladha ya pilipili inapojitokeza.