Mchezaji kasimama, picha zinacheza

SWALI: Shikamoo mama. Naongoza kikundi cha ngoma cha vijana hapa Tanga. Mdogo wangu ametutengenezea programu: kamera inamtazama mchezaji, kompyuta inachora, projekta inamwaga michoro ukutani nyuma yake. Nyumbani ilikubali. Ukumbini michoro inachelewa, na mchezaji akisimama yenyewe inaendelea. Onyesho ni mwezi ujao. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo michoro inayocheza peke yake iliwahi kuniliza. Tulimvika binti shuka jeupe, projekta ikammwagia samaki wa buluu. Kamera ikawaona wale samaki, ikadhani ni mikono yake, ikachora wengine juu yao. Binti katulia tuli, ukuta mzima umechafuka! Kamera yenu nayo inatazama kazi ya projekta badala ya mchezaji.

Ipeni kamera mwanga wake peke yake: infraredi, ule wa rimoti ya televisheni, ambao macho hayauoni. Kamera za ulinzi zinazoona usiku zinaukamata. Funikeni lenzi kwa ile ncha nyeusi ya mkanda wa zamani wa picha za rangi, yaani filamu ya kamera, uliokwisha kusafishwa, tabaka mbili. Mwanga wa kawaida, pamoja na ule wa projekta, utazuiwa, infraredi itapita. Kisha mmulike jukwaa kwa taa za infraredi kutoka pembeni. Balbu za waya zizimwe, maana nazo zinatoa infraredi tele. Taa za LED hazina shida. Uwanjani mchana msijaribu, jua litawashinda. Na kabla ya kushona mavazi, kitazameni kitambaa kwa kamera hiyo hiyo. Nguo nyingi nyeusi za kiwandani huonekana nyeupe humo.

Kuchelewa ni jambo jingine, na ndilo linalonigusa zaidi. Kamera ya kawaida hupiga picha 30 kwa sekunde. Kompyuta ikokotoe, projekta itoe, tayari sehemu ya kumi ya sekunde imepita. Mpiga ngoma hangoji mguu utue. Anauona ukinyanyuka, mkono wake umeshajua. Kompyuta lazima ione kwanza. Basi msiikabidhi mdundo. Ipeni kazi ambayo kwa asili yake huja nyuma: mkia wa mwanga unaofuata mkono, rangi inayofifia, vumbi linalotimka baada ya kishindo.

Mkitaka kompyuta ishike mdundo, ichukue miguuni. Njuga zimekuwa zikigeuza mguu kuwa ala tangu enzi za mababu zetu. Bandikeni maiki ndogo chini ya mbao za jukwaa. Kompyuta huisoma sauti ya maiki upesi kuliko picha ya kamera.

Na mdogo wako akae wapi? Mwaka 1965, jijini New York, mtunzi wa dansi Merce Cunningham na mtunzi wa muziki John Cage walitoa onyesho la Variations V: wachezaji walipita kati ya antena za fundi wa ala za umeme Robert Moog na vihisio vya mwanga vya mhandisi Billy Klüver, na mwendo wao ukagusa sauti. Lakini wanamuziki walikuwepo pale pale, mikono kwenye mitambo. Mdogo wako naye akae na wapiga ngoma, si chumba cha nyuma, na aje mazoezini kuanzia kesho.

Niandikie mnacheza ngoma gani, na kama njuga mnafunga, ili nikwambie maiki ikae wapi.