Siki ya unga si sumu ila soma lebo
Ndugu, umeuliza kama E262 uliyoikuta kwenye pakiti ya krispi za siki ni sumu: hapana, si sumu. Unga wa siki kwa kawaida ni siki ileile ya kachumbari, inachanganywa na maltodekstrini (unga unaotengenezwa kutokana na wanga) au wanga wenyewe halafu inapuliziwa kwenye hewa ya moto maji yanakauka unabaki unga, maana ukimwaga siki ya maji kwenye krispi zinalainika zote. Sasa hiyo E262 ni kitu cha jirani yake, sodiamu asetati au sodiamu diasetati (sodiamu iliyoungana na asidi ya siki), hii ya pili ndo inaleta ule ukali wa siki na pia inazuia ukungu kwenye mikate.

Marekani FDA (mamlaka yao ya chakula na dawa) wanaihesabu kwenye vitu salama kwa chakula, Ulaya nayo imeruhusiwa ndo maana ina namba ya E. Wataalamu wa JECFA (kamati ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya) waliweka kikomo cha diasetati miligramu 15 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani mtu wa kilo 60 ni miligramu 900.

Mi ningekuwa na presha ningeogopa zaidi chumvi ya hizo krispi kuliko siki yenyewe, maana diasetati nayo ina sodiamu inajumlishwa humohumo. Na kama unanunua unga wenyewe wa kupima kwa kilo kwa ajili ya biashara, usiumimine karibu na uso, vumbi lake linawasha macho na koo balaa.