Fedha za wafadhili zilisaidia nini shuleni?

Ndugu yangu, umeuliza kama misaada ya elimu imewahi kuleta lolote Tanzania. Imeleta, tena kwa wingi. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa, MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) ikaanza mwaka 2002, na sehemu kubwa ya fedha zake ilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia pamoja na michango ya nchi wahisani. Wanafunzi wa msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Watoto wale wasingeingia darasani kwa hotuba.

Shida ilikuwa kwingine. Mpango uliahidi ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, lakini pesa zilizofika shuleni zilikuwa pungufu sana. Madarasa yalipanda haraka (wananchi wenyewe walibeba mawe na maji), ila mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Wengi walisoma chuoni mwaka mmoja tu, wa pili wakaumalizia wakiwa tayari wanafundisha. Mtu akikabidhiwa watoto zaidi ya 80 katika hali hiyo, utamlaumuje?

Kwa hiyo siungi mkono kauli kwamba wafadhili waondoke. Ninachodai ni kila mzazi aone kwenye ubao wa matangazo wa shule kiasi kilichoahidiwa na kiasi kilichopokelewa, na kamati ya shule iwe na ubavu wa kumuuliza mkurugenzi wa halmashauri salio liko wapi.