Malengelenge ya Mdomoni Si Shahidi wa Zinaa

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Nimeolewa miaka minne, tunakaa Manyatta, Kisumu. Tangu utotoni, kila nikishikwa na malaria au nikichomwa sana na jua, hutokwa na malengelenge mdomoni. Mama alikuwa akisema ni homa inatoka. Mwezi uliopita mume wangu alitokwa na vidonda kama hivyo sehemu za siri, na kliniki wakamwambia ni hepesi. Nduguye akamwambia amesikia kwenye darsa kwamba ugonjwa huu hauingii nyumba isiyo na zinaa. Sasa mume amehamia kwa mamake Mumias. Talaka hajatoa, na simu hashiki. Wallahi sijamjua mwanamume mwingine. Yeye aliwahi kuoa kabla yangu, lakini simshuku. Nitasema kwa haya: tukiwa chumbani hatukuwa tukijizuia na mdomo. Je, mimi ndiye niliyemwambukiza? Na nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumu salaam, binti yangu. Barua yako ni ya tatu mwaka huu yenye neno hilo hilo la darsa, na nimechoka kulisikia.

Aliyesema kwamba ugonjwa huu hauingii nyumba isiyo na zinaa hakulitoa kwenye Qur'ani wala Sunna, na kwa madaktari hakulipata pia. Virusi vya hepesi viko aina mbili. Aina ya kwanza ndiyo hasa ya mdomoni, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanayo, karibu wawili kwa kila watatu. Wengi waliipata wangali watoto, kwa busu la bibi au shangazi. Ikishaingia mwilini haitoki: hujificha kwenye mshipa wa fahamu ikalala, kisha homa, jua, uchovu au hedhi huiamsha. Mamako hakuwa mbali na ukweli. Sasa mwenye darsa atujibu: mtoto wa miaka mitatu mwenye lengelenge mdomoni alizini na nani?

Atasema, ya mdomoni sawa, je ya chini? Aina hiyo hiyo ya kwanza huhamia chini kwa njia ya mdomo, hata kwa mume na mke walioozwa mbele ya walii na mashahidi. Tena huweza kupita siku ambayo mdomo ni safi na hakuna kidonda. Aina ya pili ndiyo huenea zaidi kwa tendo la ndoa, nayo inaweza kukaa kimya miaka mingi. Kwa hiyo hata mumeo akikutwa na hiyo ya pili, yawezekana aliitoa kwenye ndoa yake ya kwanza, ya halali, bila yeye wala mke yule kujua. Maabara ikichukua majimaji ya kidonda itasema ni aina gani. Nani alimpa nani, na lini, haiwezi kusema.

Katika Bukhari na Muslim kuna mtu wa Banu Fazara aliyemjia Mtume (s.a.w.) akamwambia: mke wangu amezaa mtoto mweusi. Alikuwa akimshuku mkewe kwa alama ya mwilini. Mtume akamuuliza, "Una ngamia?" Akasema ndiyo. "Rangi zao?" Wekundu. "Hakuna wa kijivu ndani yao?" Wamo. "Wametoka wapi hao?" Akasema, huenda wamevutwa na mshipa, yaani asili ya mababu zao. Mtume akamwambia: na mwanao huyu huenda amevutwa na mshipa. Hakumwamuru akamchunguze mkewe, wala hakusema hakuna moshi pasipo moto. Alimwonyesha kwamba mwili una njia zake, zisizopita kwenye zinaa.

Shemeji yako naye ajue anachocheza nacho. Sura ya Nuur, aya ya 4, inamtaka anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi alete mashahidi wanne. Asipowaleta ni viboko 80, na ushahidi wake haukubaliwi abadan. Mume ana mlango wa liani, yaani kuapizana na mkewe mbele ya kadhi. Nduguye mume hana mlango wowote. Vidonda vya kakake si shahidi wa kwanza, sembuse wa nne.

Kuna na wa upande wa pili, wanaosema "hakuna kuambukiza" ni hadithi, basi tusijikinge. Hadithi hiyo ni sahihi, ila wanaisoma nusu. Katika riwaya ya Bukhari mwisho wake ni: mkimbie mwenye ukoma kama unavyomkimbia simba. Na ni Mtume huyo huyo aliyekataza mwenye ngamia wagonjwa kuwaleta kwa wenye ngamia wazima. Kilichokanushwa ni ugonjwa kuruka wenyewe bila idhini ya Mwenyezi Mungu.

Sasa wewe. Je, ndiye uliyemwambukiza? Inawezekana, sikufichi. Dhambi huna, kwa sababu hukujua. Lakini leo umejua, na hukumu inabadilika: tangu mdomo unapoanza kuwasha hadi ngozi ipone kabisa, usimbusu wala usimguse kwa mdomo, na yeye akitokwa na vidonda asikukaribie. "Hakuna kudhuru wala kudhuriana." Akikutajia hadithi ya malaika wanaomlaani mke anayekataa kitanda, mwambie hiyo ni ya asiye na udhuru, na huu ni udhuru. Kondomu hupunguza hatari bila kuiondoa. Dawa ya asikloviri haiviui virusi, ila hufupisha siku za vidonda, na vikirudi mara kwa mara daktari anaweza kumpa ya kila siku. Kama yale ya chumbani yanafaa au hayafai, wanavyuoni wana maneno yao. Nisikuongezee mzigo leo.

Ukishika mimba, mweleze mkunga mapema habari za vidonda vya mumeo, kwa kuwa kwa mtoto mchanga virusi hivi vinaweza kuua. Hapa niwaonye na wazee wenzangu: tunaitwa kumfanyia mtoto tahniki, tunatafuna tende na kumpaka kinywani. Mwenye lengelenge mdomoni asithubutu. Amwachie mwingine, na mtoto asibusiwe hata na bibi yake.

Usimfuate Mumias kugombana. Mtumie jibu hili kupitia mamake, maana mama mkwe mwenye busara anafaa kuliko masheikh kumi. Nawe mumewe, likikufikia, njoo kwangu Alhamisi baada ya Isha tuzungumze, na karatasi ya kliniki uje nayo. Nduguyo mwache nyumbani.

Wallahu aalam.