Maswali na majibu: boti ya mtumba imezima siku ya kwanza, na familia imo ndani

Barua za safari hii zinafanana sana. Mtu amenunua boti iliyotumika, injini ikawaka vizuri siku ya kuikagua, akapakia mke na watoto, na kabla hawajafika popote vituko vikaanza. Tumechagua maswali saba. Mengi yanahusu injini inayofungwa nje kwenye tezi (nyuma ya boti), kwa sababu ndiyo iliyo kwenye boti nyingi za familia.

Swali: Injini yangu ni hosipawa 40, ya kuchanganya petroli na oili. Inawaka mara moja tu, lakini tukienda kasi kama dakika kumi inaishiwa nguvu, inamisi, inazima. Tukisubiri kidogo inawaka tena kama haikuwa na neno. Fundi aliiwasha nyumbani nusu saa nzima na haikuzima. Shida ni nini?

Jibu: Inakosa mafuta, karibu hakika. Wala fundi hakukudanganya. Ikiwa silensa (inawaka tu bila kuongezwa kasi), injini hiyo hainywi hata lita mbili kwa saa, ila ukiipa moto wote, yaani kasi yote, inataka kama lita 15. Njia ya mafuta iliyobana inapitisha zile mbili bila shida, na 15 zinaishinda. Ukisubiri, mafuta yanajikusanya tena kwenye kabureta, ndiyo maana inawaka.

Jibu utalipata kwenye kile kipampu cha mpira cha kubonyeza, kilicho kati ya tangi na injini. Rudi majini na mtu mzima mmoja. Wewe shika usukani, yeye akae karibu na kipampu, na injini ikianza tu kuishiwa akishike.

Kikiwa kimenywea, kuta zake zimegusana, basi njia imeziba upande wa tangi. Wa kwanza kushukiwa ni kiskrubu cha hewa kilicho juu ya kifuniko cha tangi. Kinafungwa wakati wa kusafirisha ili petroli isimwagike, na mwenye boti mpya hajui kama kinatakiwa kufunguliwa. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, na pampu ya injini inafika mahali haiwezi kuvuta tena. Legeza kifuniko: ukisikia hewa inaingia kwa mlio, umepata. Kama hewa ilikuwa wazi, chomoa bomba la kuvutia mafuta ndani ya tangi uangalie chujio la mwishoni mwake. Kisha kagua mpira wenyewe unaopitisha mafuta. Ukizeeka, ngozi yake ya ndani inabanduka na kuziba njia kila pampu inapovuta, huku kwa nje unaonekana mzima. Mpira wa namna hiyo haufai kusafishwa. Weka mpya.

Kikiwa kimelegea, na ukikibonyezabonyeza injini inafufuka, hewa inaingia mahali fulani au diaframu (ngozi laini) ya pampu ya mafuta imechoka. Anza na oringi (pete za mpira) za viungio viwili vya mpira, upande wa tangi na upande wa injini. Ni vitu vidogo na ndivyo vinavyosahauliwa.

Kikiwa kigumu kimejaa na injini bado inazima, tatizo liko mbele yake: jeti (vitundu vya mafuta) za kabureta, au pengine si mafuta kabisa bali koili, kifaa kinachotoa umeme wa cheche, inayopoteza cheche ikipata joto. Cheche ipimwe palepale injini ilipozimia. Ikishapoa, koili mbovu inaonekana nzima, na fundi atakwambia hakuna kitu.

Jambo jingine ni petroli iliyokaa. Boti ikisimama miezi mingi, maji hujikusanya chini ya tangi pamoja na kutu na utando, vikatulia huko. Siku ya kwanza yenye mawimbi vinatibuliwa vyote kwa pamoja. Chukua chupa safi inayopitisha mwanga, vuta mafuta kutoka sakafu kabisa ya tangi, acha yatulie robo saa. Ukiona mstari na tabaka jingine chini yake, hayo ni maji. Petroli yenye ethanoli (aina ya kileo) ikishajitenga hivyo haiponi kwa kuongezewa petroli mpya. Iondoe yote, osha tangi, badilisha machujio, na ufunge chujio la kutenganisha maji, la mikroni 10, kati ya tangi na injini.

Swali: Tulitia nanga watoto waogelee. Wakati wa kurudi, injini haikuwaka. Stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki.

Jibu: Angalia kamba ya usalama, ile nyekundu inayofungwa mkononi au kiunoni mwa nahodha. Watoto wakipanda na kushuka wanaigusa na klipu yake inachomoka kwenye swichi. Kwenye injini nyingi stata inaendelea kuzunguka kama kawaida, ila cheche imekatwa. Irudishe mpaka ikae sawasawa, halafu jaribu tena.

Kama klipu ipo, nusa. Harufu kali ya petroli ina maana umeilewesha, yaani umeijaza mafuta, kwa choki au kwa kubonyeza kipampu kupita kiasi. Acha choki kabisa, subiri dakika kumi, kisha fungua moto mpaka mwisho gia ikiwa nyutro na upige stata, si zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo. Ipumzishe dakika moja au mbili kabla ya kurudia, la sivyo utaunguza stata juu ya tatizo ulilonalo. Ikishika tu, rudisha moto chini haraka.

Wengine wameandika kuwa stata yenyewe iko kimya. Hapo mambo ni tofauti: hakikisha gia iko nyutro barabara (sukuma na kurudisha mpini mara mbili tatu), swichi kuu ya betri imewashwa, fyuzi ni nzima. Mlio wa tak-tak-tak unaashiria betri dhaifu au vichwa vya betri vilivyolegea. Boti za mtumba mara nyingi huwa na nati za mabawa kwenye betri, zile za kukaza kwa vidole, na mtikisiko wa mawimbi unazilegeza. Weka nati za kawaida za spana. Betri iliyopumzika ikiwa imejaa husoma volti 12.6 hivi; 12.2 ni nusu. Ikishuka chini ya 10 wakati wa kupiga stata, usitoke nayo.

Swali: King'ora kililia mfululizo na injini ikapunguza kasi yenyewe. Nilizima nikaogopa kuwasha tena. Nilifanya vizuri?

Jibu: Vizuri sana. Injini nyingi za kisasa hujipunguzia kasi zikichemsha au zikipungukiwa oili, na anayelazimisha safari anaweza kuinoki injini nzima.

Kwa nyuma, chini kidogo ya kifuniko cha injini, kuna kitundu kinachorusha mchirizi wa maji muda wote injini inapowaka. Mchirizi ukiwa dhaifu au haupo, zima, inua injini, utazame matundu ya kuvutia maji kwenye mguu wake. Mfuko wa plastiki au majani yakigandamana hapo, umepata sababu. Kama pako safi, chokoa kile kitundu cha juu kwa uzi mnene wa mshipi. Wakati mwingine maji yanapita vizuri ndani na kilichoziba ni kitundu tu, kwa chumvi au kiota cha mdudu. Usimwagie maji baridi injini iliyochemka.

Yasipotoka bado, ni impela, gurudumu la mpira lenye mabawa linalosukuma maji. Boti ikikaa muda mrefu mabawa yake yanapinda na kukauka vilevile yalivyopinda, na mtu akiiwasha nchi kavu bila maji, sekunde chache zinatosha kuyaunguza. Muuzaji aliyewahi kukuwashia injini bila maji ili usikie mlio, huenda aliiua impela mbele ya macho yako. Ibadilishe kwa kila boti unayonunua, hata ukiambiwa ni mpya, halafu kila mwaka mmoja au miwili. Ile ya zamani ikitoka, hesabu mabawa. Likipungua moja, kipande kiko ndani ya njia za maji na lazima kitafutwe, maana kitaenda kuziba hukohuko na impela mpya itaonekana haifanyi kazi.

Swali: Injini ilizima, upepo unatusukuma kwenye miamba. Mimi nilifungua kifuniko nitengeneze, mke wangu akasema nanga kwanza. Tulibishana. Nani alikuwa sahihi?

Jibu: Mke wako, ndugu. Injini haikimbii, boti inakimbia. Mtu aliyeinamia plagi haoni miamba inavyokaribia, na dakika tano za kuchokonoa zinatosha kukufikisha.

Kwanza kila mtu avae jaketi la kujiokolea, watoto wakae chini katikati ya boti. Kisha nanga, na iteremshwe kutoka omo (mbele ya boti). Kamwe usiifunge kwenye tezi: huko ndiko uzito wa injini ulipo na ubao wake uko chini, hivyo mawimbi yataingia na boti inaweza kujaa na kupinduka. Toa kamba mara tano hadi saba ya kina, ukihesabu kuanzia juu ya omo. Kina kikiwa mita 4 na omo iko mita 1 juu ya maji, unahitaji mita 25 hadi 35. Kamba fupi huinua nanga, ikaburuta bila kushika. Chagua alama mbili nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja. Zikianza kuachana, nanga inaburuta, ongeza kamba.

Kama kina ni kirefu kuliko kamba yako, funga ndoo imara kwenye kamba na uiachie majini kutoka omo. Haitasimamisha boti, ila itapunguza mwendo na kuelekeza omo kwenye mawimbi.

Boti ikishatulia ndipo ufungue kifuniko. Na omba msaada mapema, jua likiwepo na simu ina chaji. Mwenye redio ya VHF (ya mawasiliano ya majini) aite chaneli 16: "pan-pan" mara tatu kama mmekwama lakini mko salama, "mayday" mara tatu kama maisha yako hatarini. Taja jina la boti, mlipo, idadi ya watu na tatizo.

Swali: Injini inanguruma kwa kasi lakini boti haiendi. Nikipunguza moto inatembea polepole.

Jibu: Propela ina kitovu cha mpira ndani yake, kinachopokea kishindo ikigonga kitu. Kikichoka kinateleza: mhimili unazunguka, mabawa yanabaki nyuma. Zima injini, chomoa klipu ya usalama, halafu chora kwa kalamu ya rangi mstari mmoja unaovuka kutoka kitovu hadi mwili wa propela. Endesha kidogo, zima tena, utazame. Mistari ikiwa imeachana, ni kitovu. Nenda taratibu kwa ule mwendo inaokubali, itakufikisha. Injini ndogo zina pini ya kukatika badala ya kitovu hicho, kwa hiyo beba pini mbili za akiba na koleo.

Mistari ikibaki pamoja, angalia watu wamekaa wapi. Familia nzima ikijazana omo, tezi inanyanyuka na propela inavuta hewa.

Swali: Muuzaji aliniambia "tia oili kidogo kwenye petroli". Kidogo ni kiasi gani?

Jibu: Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa kila lita, yaani nusu lita kwa tangi la lita 25. Wa 100 kwa 1 ni mililita 10. Fuata kibandiko au kitabu cha injini yako, na tumia oili yenye alama ya TC-W3, ya injini za boti za kuchanganya, si ya pikipiki. Kabla ya yote tafuta kijiti cha kupimia oili. Injini yenye kijiti hutunza oili yake chini kama gari na haichanganywi kabisa. Nyingine zina kitangi chao cha oili na hujichanganyia zenyewe.

Swali: Tumeshatengeneza kila kitu. Tutoke lini tena na watoto?

Jibu: Baada ya safari mbili za watu wazima wawili tu. Ya kwanza iwe karibu na ufuko, saa moja nzima, na angalau dakika 20 mfululizo kwa kasi kubwa, kwa sababu mabovu mengi hayajitokezi ikiwa silensa. Ya pili pakia uzito sawa na wa familia, hata kwa madumu ya maji. Gawa mafuta mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, la tatu lisiguswe. Beba makasia, plagi za akiba na spana yake, chujio la mafuta, tochi.

Ukirudi, iache injini ipoe, ufungue skrubu ya chini ya mguu wake kidogo tu na kupokea matone ya oili ya gia kwenye kitambaa cheupe. Yakitoka maji kwanza, au oili yenye rangi ya maziwa, sili (pete ya kuzuia maji) imekatika, mara nyingi kwa uzi wa mshipi uliojisokota nyuma ya propela. Watoto wasubiri mpaka sili ibadilishwe.